Tumlinde yule anayetupiga radio



Siku ile ulipoingia kazini, munganga alikutuma upigwe radio ya kifua. Ulivua shati, ukasimama mbele ya mashini, ukasikia sauti: "Vuta pumzi! Usipumue! Basi, pumua!" Kisha ukavaa shati, ukaenda zako. Baadaye ulirudi tena, juu ya kuangalia kama vumbi la mgodi halijaanza kuharibu mapafu. Kwako kazi yote ilikuwa ya dakika chache.

Lakini je, uliwahi kujiuliza juu ya yule mtu aliyekupa amri? Mbona alikwenda nyuma ya ukuta kabla ya kubonyeza kifungo? Wengine hucheka na kusema: "Ananiacha peke yangu na hatari, yeye anajificha!" Wengine hukasirika kabisa. Leo tutaeleza sababu. Mpiga radio ni mfanyakazi kama wewe. Wewe unapigwa radio mara moja kwa mwaka. Yeye anapiga nyingi kila siku, mwaka kwa mwaka, mpaka pensheni. Kama asingejificha, angekuwa anapokea kidogo cha kila mgonjwa.

MIONZI NI KITU GANI?

Hatuzungumzi juu ya radio ya kusikilizia habari na muziki. Mashini ya hospitali inatoa mionzi, yaani nuru isiyoonekana kwa macho. Nuru hii hupita ndani ya nyama kwa urahisi, lakini mfupa huizuia sana. Ndiyo sababu mfupa unaonekana mweupe katika picha. Chuma kizito kama plombu huizuia zaidi kuliko mfupa.

Mionzi haina harufu, haina rangi, haina sauti, wala haichomi ngozi palepale. Jiwe likilegea juu ya kichwa chako, mara nyingi utasikia mlio au kuona vumbi likidondoka. Mionzi haitoi onyo lolote. Mtu anaweza kuipokea miaka mingi bila kujua.

Madhara yake ni ya namna mbili. Mtu akipokea mionzi mingi sana kwa muda mfupi, ngozi huungua, nywele hutoka, damu huharibika. Akipokea kidogo kidogo kwa miaka, macho yanaweza kuingia ukungu unaoitwa mtoto wa jicho, na hatari ya kansa huongezeka. Si kila mtu atakayeugua. Lakini kadiri anavyopokea mionzi zaidi, ndivyo hatari inavyozidi.

WALIOLIPA KABLA YETU

Mionzi hiyo iligunduliwa na profesa Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwezi wa Novemba 1895. Picha moja ya kwanza ilikuwa ya mkono wa bibi yake, pamoja na pete yake. Dunia nzima ilishangaa. Kwa haraka hospitali nyingi zilinunua mashini, na wanganga waliitumia bila kinga yoyote. Wengine walijaribu mashini kila asubuhi kwa kuweka mikono yao wenyewe mbele yake.

Huko Marekani, Clarence Dally alikuwa msaidizi wa Thomas Edison, yule mtu wa taa ya umeme. Alitumika na mionzi miaka michache tu. Mikono yake iliungua, ikakatwa, na mwaka 1904 alikufa. Mwaka 1936 huko Hamburg, Ujerumani, lilisimamishwa jiwe la ukumbusho lenye majina 169 ya wanganga, watalaamu na wauguzi waliokufa juu ya kazi ya mionzi. Baadaye majina mengine mengi yaliongezwa.

Na sisi watu wa Katanga tumo katika habari hii. Mwaka 1915 yalionekana mawe ya uranium huko Shinkolobwe, karibu na Likasi. Ndani ya mawe hayo mlikuwa na radium, ambayo Marie Curie na mume wake Pierre walikuwa wameigundua huko Paris mwaka 1898. Tangu 1922 kompani ya Union Minière ilisafisha mawe ya Shinkolobwe katika kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na radium ikauzwa kwa hospitali juu ya kutibu kansa. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, baada ya kushika radium na kupiga radio za askari wengi wakati wa vita vya 1914-1918.

Kwa hiyo, kila sheria tutakayoeleza hapa chini imelipiwa na mikono na maisha ya watu.

KANUNI TATU, KAMA ZA MPIGA BARUTI

Wewe unayetumika mgodini unajua namna ya kupiga baruti. Filimbi ikilia, hakuna anayebaki mahali pa mlipuko. Unaondoka upesi, unakwenda mbali, unajificha nyuma ya mwamba mnene. Mpiga radio naye ana kanuni hizo hizo tatu.

1. Muda. Asikae karibu na mionzi hata sekunde moja isiyo ya lazima. Picha moja nzuri ni bora kuliko tatu mbaya.

2. Umbali. Ukienda mbali mara mbili, mionzi haipungui nusu tu. Inabaki robo moja. Ukienda mbali mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana mpiga radio anayepeleka mashini ndogo kwenye kitanda cha mgonjwa anatakiwa kurudi nyuma kwa metre mbili au zaidi kabla ya kubonyeza.

3. Kinga. Ukuta mnene, kioo chenye plombu, mlango wenye plombu, au tabliye ya plombu.

Lakini kuna tofauti moja na baruti, na ni vizuri uijue. Baada ya mlipuko, moshi na gesi hubaki, lazima kungoja. Mashini ya radio ikizimwa, mionzi inaisha palepale, kama taa inayozimwa. Haibaki hewani, haibaki katika nguo, haibaki mwilini mwako. Mtu aliyepigwa radio anaweza kurudi nyumbani na kumbeba mtoto wake bila hofu.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mashini inakuelekea wewe mgonjwa, haimwelekei mpiga radio. Basi yeye anapata mionzi kutoka wapi? Inatoka kwako! Mionzi ikigonga mwili, sehemu yake hurudi na kutawanyika kila upande. Katika metre moja ni karibu sehemu moja tu ya elfu moja ya ile iliyofika kwenye ngozi yako. Ni kidogo, lakini mara mia, mara elfu, inakuwa nyingi.

TABLIYE NA DOZIMETRI

Tabliye ya plombu ni nzito, tena katika joto la mwezi wa Oktoba hapa Lubumbashi inachosha. Ndiyo maana wengine huiacha kwenye msumari. Ni kosa lile lile la mfanyakazi anayevua kofia ya mgodi kwa sababu ya jasho. Tabliye yenye plombu ya nusu milimetre huzuia sehemu kubwa sana ya mionzi inayotawanyika.

Tabliye haikunjwi kama shati. Ikikunjwa, plombu hupasuka ndani, na kwa nje huoni kitu. Itundikwe wima, na kila mwaka ichunguzwe chini ya mashini yenyewe kuona kama ina nyufa. Kamba ya lifti ya mgodi huchunguzwa; na tabliye vilevile.

Dozimetri ni kidude kidogo ambacho mpiga radio huvaa kifuani, chini ya tabliye. Ifikirie kama karte ya pwantaji. Karte inahesabu saa zako za kazi. Dozimetri inahesabu mionzi iliyoingia. Hupelekwa kusomwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Lakini tuelewane: dozimetri haizuii mionzi, inahesabu tu. Na iliyofungwa katika droo haihesabu kitu. Anayeiacha nyumbani kwa kuogopa kwamba hesabu itapanda, anajidanganya mwenyewe.

SHERIA INASEMA NINI?

Kipimo cha mionzi mwilini kinaitwa milisiveti. Kila mtu duniani hupokea kidogo kutoka ardhini, angani na katika chakula: wastani ni karibu milisiveti 2.4 kwa mwaka. Radio moja ya kifua iliyopigwa vizuri haifiki 0.1. Kwa hiyo usikatae radio ambayo munganga ameiagiza. Silikozi au kifua kikuu visivyoonekana mapema vinaua zaidi.

Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi, iliyoanzishwa mwaka 1928, inashauri mfanyakazi wa mionzi asipite milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, wala asipite 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa macho, kipimo kilishushwa mwaka 2011 mpaka 20 vilevile, maana ilionekana kwamba jicho ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Mwanamke anayetumika kwa mionzi akipata mimba, aseme mapema. Tangu hapo mtoto aliye tumboni asipokee zaidi ya milisiveti 1 mpaka azaliwe. Kusema una mimba si kosa. Ni kumlinda mtoto.

Mkataba namba 115 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1960, unakataza kumweka mtoto chini ya miaka 16 katika kazi ya mionzi, na unataka mfanyakazi apimwe na munganga kabla ya kuanza na wakati wa kazi. Hapa Kongo tuna sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002 juu ya kinga ya mionzi. Kwa hiyo tabliye nzima na dozimetri si zawadi ya shefu. Ni haki ya mfanyakazi. Kama hazipo, delege wa wafanyakazi na komite ya usalama waulize, kama vile wangeuliza juu ya kofia na viatu vya mgodi.

WEWE UFANYE NINI?

Fikiri jambo hili. Ni usiku, baba mmoja analeta mtoto aliyevunjika mguu. Mtoto analia, anarukaruka. Baba anasema: "Munganga, mshike wewe, umezoea." Mpiga radio ana huruma, anamshika. Kesho atakuja baba mwingine, na keshokutwa mama mwingine. Kila mzazi ameomba mara moja tu. Mpiga radio ameshika mara mia. Basi utaratibu mzuri ni huu: mzazi ndiye avae tabliye na kumshika mtoto wake, akisimama pembeni, mikono yake isiingie katika picha. Mama mwenye mimba asishike. Aitwe mtu mwingine wa jamaa.

Na haya mengine ni kazi yako pia:

Taa nyekundu ikiwaka juu ya mlango, usifungue, hata kama una haraka.

Simama kimya, fuata amri ya pumzi. Ukitikisika, picha inaharibika na lazima kurudia. Wewe unapokea mara mbili, na yeye mara mbili.

Chunga picha zako za zamani nyumbani, mbali na maji na watoto, na uzilete. Mara nyingi munganga akiziona hatahitaji nyingine.

Usidai radio kwa nguvu wala kwa feza. "Mimi nataka radio nione ugonjwa wangu" si sababu. Sababu anaitoa munganga.

Mama, kama unafikiri una mimba, sema kabla ya kuvua nguo.

MANENO YASIYO YA KWELI

Wengine husema kunywa maziwa huondoa mionzi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayazuii mionzi hata kidogo. Wengine husema aliyepiga radio kwa miaka ishirini "amezoea". Hakuna kuzoea. Mwili hauzoei mionzi, kama vile mapafu hayazoei vumbi. Na wengine husema radio ya kifua huondoa nguvu za kiume. Kwa kipimo kidogo namna hiyo, si kweli.

Ndugu, mara nyingine utakapoingia katika chumba cha radio na kumwona mpiga radio anakwenda nyuma ya ukuta, usimcheke. Ukiona tabliye iko kwenye msumari na yeye amesimama karibu na kitanda, mwambie kwa heshima: "Vaa kwanza, mimi nitangoja." Yeye huangalia mapafu yako ili uwafikie wajukuu wako. Naye ana bibi, ana watoto, naye anataka kufika kwenye pensheni akiwa na macho mazima.

Usalama wa mmoja ni usalama wa wote.