Daftari la Mwanafunzi: Bumu Linapokwisha na Deni Linapoanza
(Sehemu ya Tatu)

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulifuatilia swali moja: nani anagharamia elimu ya juu nchini Tanzania? Tuliona chuo kikuu kilivyoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Tukaona mgogoro wa Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere alipowarudisha makwao wanafunzi karibu 400 waliopinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na mjadala ulioibuka kuhusu deni la msomi kwa wakulima waliomsomesha. Kisha tukafika miaka ya 1990 na sera ya kuchangia gharama, na hatimaye Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Deni ambalo zamani lilikuwa la maadili likawa la shilingi na senti.

Wiki hii tunaingia chumbani kwa mwenye deni.

Mwanafunzi wa leo ameandikwa kila mahali. Kabla hajakanyaga ukumbi wa mihadhara, cheti chake cha kuzaliwa kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kama amefiwa na mzazi, cheti cha kifo nacho kimepita huko huko. Serikali ya mtaa imegonga mhuri kwenye fomu yake na mdhamini ameweka sahihi. Kazi ya baba, shule alizosoma na aliyemlipia ada, vyote vimo kwenye mfumo wa Bodi. Akianza masomo, kila fedha anayoisaini inaingia kwenye hesabu yake. Siku anapovaa joho, Bodi inajua alichopokea hadi shilingi ya mwisho. Muulize yeye mwenyewe, atakujibu: "Kama milioni saba hivi. Au nane."

Hoja yangu ni kwamba kutojua huko kunamgharimu, tena kwa miaka mingi baada ya chuo, na dawa yake ni kaunta buku moja inayoandikwa kila jioni. Simaanishi shajara ya mapenzi na mashairi, ingawa hayo nayo yana nafasi yake. Namaanisha kumbukumbu ya siku: fedha iliyoingia, iliyotoka, kilichosomwa, kilichotokea.

Siku 60 za bumu

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Awamu ya siku 60 ikitoka, aliyepangiwa kiwango kamili anapokea shilingi 600,000 kwa mkupuo. Hilo ndilo bumu. Mtaani linasimuliwa kwa kejeli: vijana wamepata bumu, wiki mbili tu wanaombana chumvi. Wapo wanaolinywa na kulivaa, hatukatai. Lakini kejeli hiyo haielezi fedha inakwenda wapi kwa walio wengi.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili niliyekuwa nikimshauri kimasomo aliniruhusu kusoma kaunta buku yake, kwa sharti kwamba nisimtaje. Ukurasa wa siku bumu lilipotoka ulisomeka hivi: chumba, pamoja na deni la mwezi uliopita, 160,000, deni la dukani kwa Mangi, 38,000, mama, mchango wa shule ya mdogo wangu, 100,000, kudurufu, 12,000, bando, 10,000, viatu, 25,000. Chini akapiga mstari na kuandika: imebaki 255,000.

Gawanya hiyo kwa siku 60. Unapata shilingi 4,250 kwa siku, kabla hajapanda daladala wala kununua sabuni. Viatu ndiyo "anasa" pekee katika orodha ile, na maelezo ya wiki iliyotangulia yanasema vya zamani vilikuwa vimeachia soli. Tazama sasa ile laki moja ya mama. Kiwango cha Bodi kimekokotolewa kwa mlaji mmoja, lakini bumu hilo linaingia katika ukoo. Kwa familia nyingi za vijijini, mtoto aliyeko chuo kikuu ndiye mtu pekee anayepokea fedha taslimu kwa tarehe inayojulikana. Hakuna fomu ya mkopo inayouliza ni wangapi watakula kwa jasho la kalamu yake. Daftari ndilo lililolisema jambo hilo bila kuulizwa.

Kurasa za mbele ziliniumiza zaidi. Kuelekea mwisho wa awamu, maandishi yanafupika: "Leo nimeruka chai. Kipindi cha asubuhi sikuambulia kitu." Siku chache baadaye: "Mwenye nyumba amekuja. Nabebwa Hall wiki hii." Waliopita vyuoni wanajua kubebana: mwenye kitanda anamlaza mwenzake asiye na chumba, wawili kwenye godoro la mtu mmoja, na asubuhi anayebebwa anatoka mapema asionekane. Wiki hiyo hiyo kulikuwa na jaribio. Alipopata alama ndogo alijiita mzembe. Tulipokaa na kulinganisha tarehe, tukaona alama zake zinashuka kila bumu linapokaribia kwisha na kupanda likitoka. Baada ya hapo alibadili jambo moja: siku ya bumu analipia kwanza chakula cha mwezi mzima kwa mama ntilie, ndipo anagawa kinachobaki. Mama yake alipunguziwa, akaelezwa sababu, akaelewa.

Deni nalo lina daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kizazi hiki kinaweza kuongeza kwamba deni bila daftari hukua bila habari.

Fikiria walioanza kazi kabla ya mwaka 2021. Deni lao lilikuwa likiongezewa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na waliochelewa kuanza kulipa waliongezewa adhabu ya asilimia 10. Wengi waligundua hivyo walipoona makato kwenye hati ya mshahara na kukuta salio halifanani na walichokumbuka. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ile ya asilimia 6 kwenye sherehe za Mei Mosi 2021 mjini Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 nayo ikaondolewa mwaka huo huo. Nafuu hiyo ilikuja kwa wote, lakini aliyekuwa ametunza rekodi ya kila awamu aliyosaini ndiye aliyeweza kukaa mbele ya afisa na kuhoji tarakimu moja moja. Mwenzake aliishia kulalamika.

Rufaa ya mkopo inafuata mantiki hiyo. Mwombaji aliyekosa, au aliyepangiwa kidogo, anapewa nafasi ya kukata rufaa kwa vielelezo. Mzazi ameachishwa kazi lini? Baba alilazwa tangu mwezi gani? Ada ya kidato cha sita ilichangwa na nani? Dirisha la rufaa ni fupi, na aliyeandika matukio yalipotokea hatumii siku hizo kupiga simu kijijini kuuliza tarehe.

Uzamili kwa mshahara uliokatwa

Sasa tufike kwenye ndoto kubwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara. Awali yalikuwa asilimia 8. Mtumishi mpya wa mshahara wa shilingi 800,000 anakatwa 120,000 kila mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Akiwa na deni la milioni 10, atalipa kwa takriban miaka saba. Ndani ya miaka hiyo saba ndipo anapotaka kusoma shahada ya uzamili, ambayo mikopo ya Bodi huwafikia wachache. Ada inatoka mfukoni, na mfuko umeshapita kwa mwajiri, kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, kwa mamlaka ya kodi na kwa Bodi.

Ndiyo maana wengi huelekeza macho kwenye ufadhili wa nje, na hapo daftari hufanya kazi ambayo fedha haiwezi. Chukua ufadhili wa Chevening wa Serikali ya Uingereza. Unadai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, takriban miaka miwili, na unamtaka mwombaji aandike insha kuhusu uongozi wake, mahusiano aliyojenga kikazi na mipango yake. Nimesoma rasimu nyingi za insha kama hizo. Zinazoanguka zinafanana: "mimi ni kiongozi mwenye maono". Zinazosimama zina mambo: mgogoro fulani wa maji hosteli, nani alikataa, nani alishawishiwa, kilibadilika nini. Aliyeandika mambo hayo wiki yalipotokea anayo malighafi. Anayeyakumbuka baada ya miaka mitano anabaki na sifa tupu, na wanaochuja maombi wamezoea sifa tupu.

Kizazi kisichojiandika

Kuna vikwazo, na si vidogo. Chumba cha watu wanne hakina siri. Daftari lenye mambo ya moyoni likisahaulika kitandani litasomwa kwa sauti. Basi tenganisha: hesabu na matukio kwenye kaunta buku, mambo ya ndani kwenye simu yenye nywila. Muda nao hautoshi, hasa msimu wa msuli wa mitihani. Mistari mitano inatosha.

Ipo pia sababu inayompita mtu mmoja. Maisha ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ya mwaka 1969 na 1970 tunayafahamu vizuri kwa sababu wanafunzi wa wakati ule waliandika. Walichapa jarida la *Cheche* hadi lilipopigwa marufuku mwaka 1970, na miongo kadhaa baadaye Karim Hirji, mmoja wa wahariri wake, akakusanya kumbukumbu zao katika kitabu. Kizazi cha mkopo ni kikubwa mara nyingi zaidi kwa idadi, lakini rekodi zake nyingi zimo kwenye kompyuta za mdai wake.

Viongozi wa jumuiya za wanafunzi kama DARUSO au TAHLISO wanapokwenda kuomba kiwango cha fedha ya chakula kipandishwe, hupeleka malalamiko, na malalamiko hujibiwa kwa ahadi. Wangepeleka madaftari mia moja yenye bei ya wali maharage ya kila muhula, kodi za vyumba vya nje ya chuo na siku zilizorukwa chai, mazungumzo yangekuwa juu ya tarakimu, na tarakimu haijibiwi kwa ahadi.

*Sehemu ya nne itaeleza hatua kwa hatua jinsi maombi ya ufadhili wa uzamili yanavyochujwa.*