Maji Yapimwe Mwisho wa Bomba

Tangu Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoyaleta maji ya chemchemi mjini Unguja kwa mabomba, wananchi wa mji huu wameyaamini maji ya mfereji. Imani hiyo ni amana. Mlinzi wake ni mtumishi anayetumwa na chupa kuchukua maji ya kupimwa, na hapo ndipo pana suala zito: ayateke wapi?

Jepesi ni kuyateka kisimani, au katika mfereji wa ofisi iliyo kando ya barabara, gari linapofika bila ya taabu. Cheti kitatoka safi, wala hakitakuwa cha uongo. Ila kitakuwa kimeeleza habari za mahali pengine, si za nyumbani kwa mnywaji. Maji hutoka kisimani salama, kisha husafiri. Kila yanapokatwa, nguvu ya bomba hushuka, na penye ufa hufyonzwa uchafu wa ardhini, na ya makaro yakiwemo. Dawa ya klorini nayo hupungua njiani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lataka ibakie angalau miligramu 0.2 katika kila lita pale mwananchi anapoyapokea maji, si pale yanapotiwa dawa.

Basi chupa ziende Ng'ambo, mwisho wa mabomba, na mabondeni ambako maji ya masika hutuama. Ziende saa ile maji yanaporejea baada ya kukatika. Maji yatekwe katika bomba lenyewe, si katika tangi la juu ya paa, maana tangi lina makosa yake. Vituo vingine viwe vya kudumu, ili mwaka ulinganishwe na mwaka. Vingine vihamehame, asije mtu akautengeneza mfereji mmoja na kuisahau mitaa. Masheha waulizwe: wao hujua bomba lipi limepasuka tangu Idi iliyopita.

Chuoni tulifundishwa kuyatambua maji kwa rangi, ladha na harufu. Hukumu hiyo ni ya tohara, nayo ni haki. Lakini kijidudu cha kipindupindu, maradhi yaliyozuka tena visiwani humu mwaka 1978, hakibadilishi hata kimoja katika vitatu hivyo.

Wakubwa watasema petroli haitoshi. Sampuli 10 za karibu na ofisi hazina thamani ya 1 ya bondeni. Orodha ya vituo na ibandikwe katika kila ofisi ya sheha, na majibu yake kando, yawe mazuri au mabaya.