Tambua Kwanza, Ndipo Ukaushe

Matunda makavu ya porini hupendeza yakiwekwa kwenye shada, kikapu au shanga. Huku kwetu Wajir na Garissa jua linakausha bila malipo, kwa hiyo kikundi kinaweza kuanza bila mtaji mkubwa. Lakini jamani, tuwe waangalifu. Tunda likishatengana na mti wake si rahisi kulijua. Okoteni chini ya mti wenyewe, na kila mfuko uandikwe jina siku hiyo hiyo.

Hebu tuangalie matano.

1. Koma. Ni tunda la mkoma, ule mti unaofanana na mnazi wenye matawi, kando ya mto Tana. Ni la kahawia, linang'aa, na kokwa yake ni nyeupe na ngumu kama pembe. Ni salama, na kokwa huchongwa vifungo.

2. Mgunga, au qurac kwa Kisomali. Maganda yake yamejisokota kama springi. Ni salama, ila msiyamalize: mbuzi huyategemea wakati wa ukame.

3. Mathenge. Maganda ni ya manjano, yamenyooka au yamepinda kidogo. Msiuze! Mti huu ulipandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, nao ukawashinda watu. Ukisafirisha ganda, umesafirisha mbegu.

4. Turituri. Mbegu ndogo nyekundu yenye doa jeusi, hupatikana sana Pwani. Zamani zilitungwa hata rozari. Ni sumu kali. Ikiwa nzima, ganda gumu huizuia sumu. Ikitobolewa au kutafunwa, sumu hutoka. Na shanga ni lazima itobolewe! Mwaka 2011 huko Uingereza wanunuzi wa bangili za mbegu hizi waliombwa wazirudishe.

5. Waridi la jangwani. Shina ni nene, na matunda hukaa mawili mawili kama pembe. Utomvu wake ulipakwa kwenye mishale ya kuwindia. Liacheni.

Mtoto akitafuna turituri, msingojee augue. Mpelekeni hospitali mara moja, pamoja na mbegu iliyobaki.

Ya kujadili kikundini:
- Ni nani kati yetu anayeijua miti vizuri? Wazee wachungaji tumewauliza?
- Tufanye nini na tunda ambalo hakuna anayelijua?

Jibu letu kwa swali la pili: msiliuze. Mnunuzi naye ana watoto nyumbani.