SUA ya Mpimbwe: Mkulima wa Katavi atafaidika vipi?

KWA miaka mingi, mzazi wa Mpanda aliyetaka mtoto wake asomee shahada ya kilimo alikuwa na safari ndefu ya kumwandalia. Kijana alipanda treni ya Kaliua na Tabora, akaendelea hadi Morogoro, na kurudi nyumbani wakati wa likizo tu. Wapo waliohitimu na kupata kazi huko huko, huku shamba la mzazi likiendelea kulimwa kama zamani.

Leo hali imebadilika. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kina kampasi Kibaoni, katika Halmashauri ya Mpimbwe, wilayani Mlele. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kisha unafika. Swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wanapaswa kujiuliza ni moja: chuo kimefika, je, elimu yake itafika shambani?

Kilikotoka chuo

SUA haikuanza ikiwa chuo kikuu. Mwaka 1965 kilianzishwa chuo cha kilimo mjini Morogoro kilichotoa stashahada. Mwaka 1969 kiligeuzwa kuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata chuo hicho kikuu kiligawanyika, na kitivo kikabaki chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1970 yaliongezwa masomo ya misitu na ya tiba ya mifugo.

Tarehe 1 Julai 1984 kitivo kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili, kwa sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka huo. Kilipewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki dunia kwa ajali ya gari eneo la Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984.

Tangu hapo chuo kimekua kwa matawi. Mwaka 1992 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilikabidhi kwa Serikali ya Tanzania majengo ya Mazimbu, ambako wakimbizi na wapigania uhuru wake walikuwa na shule tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Majengo hayo yakawa kampasi ya Solomon Mahlangu, jina la kijana aliyenyongwa na utawala wa makaburu mwaka 1979. Baadaye SUA ilivuka mipaka ya Morogoro, ikaenda Tunduru mkoani Ruvuma na Mpimbwe mkoani Katavi.

Kampasi ya Mpimbwe inaitwa Mizengo Pinda, kwa heshima ya mwana wa Kibaoni aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2008 hadi 2015. Yeye alijulikana kwa jina la 'Mtoto wa Mkulima' na kwa kuhimiza ufugaji wa nyuki. Kampasi ilianza kuchukua wanafunzi mwishoni mwa miaka ya 2010. Miongoni mwa masomo yake ni usimamizi wa rasilimali za nyuki, uzalishaji wa mazao, na uongozaji wa watalii na shughuli za uwindaji. Imo pia katika mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, ulioidhinishiwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya nchi nzima.

Nyuki, tumbaku na msitu

Somo la nyuki halikuchaguliwa kwa bahati. Sehemu kubwa ya Katavi ni misitu ya miombo, na asali ya Inyonga inafahamika mbali. Lakini msitu huo huo unatakiwa na watu wengi. Mkulima wa tumbaku anahitaji kuni za kukaushia majani. Mgeni anahitaji eneo la kulima. Mchoma mkaa naye yumo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 Katavi. Ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imeongezeka zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi, na ardhi ni ile ile.

Hapo ndipo mtaalamu wa nyuki anapohitajika. Mzinga wa gome humfanya mrinaji auvue mti ganda lake, na mti ukishavuliwa gome pande zote hufa. Mzinga wa mbao hudumu miaka mingi bila kuua mti. Aidha, asali inayovunwa kabla nyuki hawajaziba masega huwa na maji mengi, huchachuka dukani na kumharibia mfanyabiashara jina. Asali iliyofukizwa moshi kupita kiasi hunuka moshi. Nta nayo, ambayo warinaji wengi huitupa, ni bidhaa yenye soko lake.

Mambo haya si magumu kufundishwa. Yakimfikia mrinaji, msitu uliosimama unaweza kumlipa kila mwaka, wakati mti uliokatwa humlipa mara moja.

Mpunga wa bondeni

Upande wa pili ni mpunga, zao linalotegemewa sana katika mabonde ya Mpimbwe. Watafiti wa SUA walishiriki kufanya majaribio ya kilimo shadidi pamoja na wakulima wa skimu ya Mkindo, wilayani Mvomero. Katika kilimo hicho miche huhamishwa ikiwa na umri wa siku 8 hadi 15, badala ya wiki tatu au zaidi. Hupandwa mche mmoja kila shimo, kwa nafasi ya sentimeta 25 kwa 25, na shamba huachwa likauke kidogo kabla ya kumwagiliwa tena. Mbegu na maji hupungua, na mche hupata nafasi ya kutoa machipukizi mengi.

Hata hivyo, kinachofaa Mkindo si lazima kifae kila bonde la Katavi. Njia hiyo inamtaka mkulima aweze kuingiza na kutoa maji apendavyo. Jaruba lisilo na kingo, ambalo mafuriko huliingia yenyewe, litazamisha miche hiyo michanga. Aidha, shamba lisilojaa maji muda wote huota magugu mengi, hivyo palizi ni lazima. Hii ndiyo faida ya kuwa na chuo jirani: majaribio yanaweza kufanyika katika udongo wa hapa, mkulima akiona kwa macho kabla ya kubahatisha shamba lake lote.

SUA ina historia ya kazi za namna hiyo. Mbegu za maharage za SUA 90, Rojo, Mshindi na Pesa zilitoka kwa watafiti wake. Hata panya buku wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu wanafunzwa Morogoro, katika ushirikiano wa SUA na shirika la APOPO.

Wafanyabiashara nao

Kwa mwenye duka, mama lishe, mwenye bodaboda na mwenye vyumba vya kupangisha, mwanafunzi ni mteja. Lakini ni mteja wa msimu. Vyuo vikuu hufungwa kwa likizo ndefu hadi Oktoba hivi, na anayekopa mtaji bila kuhesabu miezi hiyo anaweza kujikuta na chumba kitupu na marejesho mkononi. Biashara salama zaidi ni ile inayouza kwa mwanafunzi na kwa mwanakijiji pia.

Nini kifanyike

Chuo peke yake hakiwezi kumfuata kila mkulima. Vyama vya msingi vya ushirika, vikundi vya warinaji na kamati za skimu za umwagiliaji zinaweza kuandika barua na kuomba mafunzo mafupi, zinaweza kutoa eneo la shamba darasa, na zinaweza kupokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Maofisa ugani wa halmashauri ndio daraja la kwanza la kufikisha maombi hayo.

Nacho chuo kikumbuke kuwa kitapimwa Katavi kwa gunia la mpunga na debe la asali, si kwa majoho ya mahafali pekee. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekuja. Mwenyeji asikae barazani akisubiri dawa. Aende akabishe hodi.