Pikapu ya kuvuta tela: uzito wa kubeba uangaliwe kwanza

Wafanyabiashara wengi wanaonunua pikapu ya kuvuta tela huuliza kwanza ukubwa wa injini. Kinachokwamisha safari, hata hivyo, mara nyingi ni uzito unaokaa juu ya gari lenyewe.

Toyota Hilux ya dizeli ya lita 2.8, 4x4, katika masoko kadhaa imeruhusiwa na kiwanda kuvuta hadi kilo 3,500 iwapo tela lina breki zake. Lisipokuwa nazo, mwisho ni kilo 750.

Takriban asilimia 10 ya uzito wa tela huilalia pikapu. Tela la kilo 2,500 huongeza kilo 250. Ikiwa pikapu inaruhusiwa kubeba kilo 1,000, na dereva na utingo wana kilo 150, zinabaki kilo 600 tu za mzigo. Zikizidi, springi na matairi huchoka mapema, na usukani huwa mwepesi mno mteremkoni.

Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, magari ya kuanzia tani 3.5 hupimwa kwenye mizani. Kabla ya kulipa, mnunuzi asome kibati cha uzito cha gari, kisha ajumlishe.