Cliff May: Fundi asiyesomea usanifu aliyebadili makazi ya Marekani

NI jambo la kawaida kudhani kwamba mtu anayebadili namna taifa zima linavyojenga nyumba zake sharti awe amesomea kazi hiyo darasani. Maisha ya Cliff May, mzaliwa wa San Diego katika jimbo la California, Marekani, yanathibitisha vinginevyo.

May, aliyefariki dunia mwaka 1989, hakuwahi kusomea usanifu majengo. Alianza masomo ya biashara chuoni, akayaacha. Ujana wake alipiga saksafoni katika bendi na kutengeneza samani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, samani zake ziliwekwa katika nyumba iliyokosa mnunuzi ili kuipendezesha. Nyumba hiyo ilinunuliwa, na punde May akaanza kujenga zake.

Shule yake ilikuwa nyumba za kale. Alikuwa wa ukoo wa Estudillo, uliokuwa na ardhi na majumba California ilipokuwa chini ya Mexico. Nyumba ya ukoo huo iliyojengwa mwaka 1827 bado imesimama San Diego.

Nyumba hizo zilikuwa na kuta nene za matofali ya udongo, ambazo huchelewa kupata joto mchana. Vyumba vilipangwa kwa mstari kuzunguka ua, na mbele yake ikapita baraza yenye paa. Kila mlango ulifunguka uani, hivyo hapakuhitajika ujia wa ndani.

May aliuchukua mpango huo akauingiza katika nyumba ya kisasa ya ghorofa moja: mgongo barabarani, uso bustanini.

Sheria za California humruhusu mwenye leseni pekee kujiita msanifu majengo, lakini nyumba ya kawaida ya mbao yaweza kuchorwa na yeyote. Kupitia mwanya huo, May alifanya kazi kwa miongo mingi akijulikana kuwa mbunifu wa nyumba tu.

Mwaka 1946 jarida la Sunset lilitoa kitabu kuhusu nyumba hizo, wakati askari waliotoka vitani wakitafuta makazi. Baadaye May na msanifu Chris Choate walibuni nyumba za gharama nafuu za kuta zilizoandaliwa kiwandani. Takriban 700 zilijengwa Long Beach katika miaka ya 1950.

Inakadiriwa kwamba alibuni zaidi ya nyumba 1,000 kwa wateja binafsi, na ramani zake zikazaa nyingine zipatazo 18,000.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Nyumba iliyotandazwa chini hudai kiwanja kipana, na vitongoji vya aina hiyo vikawafanya wakazi wategemee magari. Aidha, wajenzi wengi waliiga paa lake la chini na kuuacha ua, uliokuwa kiini cha ubunifu wenyewe, wakaijenga hata kwenye baridi kali isiyofanana na hali ya California.

Hapo ndipo lilipo fundisho kwa miji inayopanuka. May hakufaulu kwa kukosa shahada. Alifaulu kwa kuwa aliielewa hali ya hewa ya kwao na nyumba za wazee wake. Walioiga umbo bila sababu yake walibaki na paa tu.