Aliyezoea kujipanga mwenyewe

Kibera na Kawangware zimejaa watu wasiopenda kubebwa. Mama anayerauka kwenda kungoja kibarua cha kufua nguo kule Lavington, akarudi jioni na pesa ya unga na mitungi miwili ya maji, hajazoea kuokolewa na mtu. Ukimshauri amwone mshauri nasaha, atakujibu kwamba atajipanga. Wengi hulichukulia jibu hilo kuwa ukaidi, au aibu ya kuitwa mgonjwa wa akili. Mimi naamini tabia hiyo ya kujitegemea ndiyo mtaji wa tiba yenyewe, na tiba inayoipuuza itakataliwa hata ikiwa ya bure.

Ushahidi uko hapa hapa Nairobi. Mwaka 2015, wanawake 421 wa mitaa ya pembezoni mwa jiji, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, walishiriki utafiti wa mbinu ya Shirika la Afya Duniani iitwayo Problem Management Plus. Waliopangiwa mbinu hiyo walihudumiwa na wahudumu wa afya ya jamii wasiosomea saikolojia, kwa vikao 5 vya dakika 90, kimoja kwa wiki. Miezi 3 baadaye, dhiki yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida ya kliniki. Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba mhudumu hatakiwi kumpangia mtu maisha. Yeye huuliza. Mwenye shida ndiye anayezitaja, akitenga zinazotatulika, zisizotatulika na zisizo na uzito, kisha anachagua moja, tena iliyo nyepesi. Ikiwa ni deni la dukani linalomfanya apite njia ya nyuma, hatua ya kwanza yaweza kuwa kuandika tu anadaiwa ngapi. Ya pili, kumfuata mwenye duka Jumamosi saa nne na kuomba alipe kidogo kidogo. Aliyejitenga na chama haambiwi arudi mkutanoni. Anaanza kwa kumjulia hali mweka hazina. Kila hatua ni yake, kwa hiyo hakuna wa kubishana naye.

Kibera nako, mtafiti Tom Osborn na wenzake walijaribu mbinu ya Shamiri kwa wanafunzi 51 wa sekondari. Vijana waliotoka shuleni juzi tu waliongoza vikundi kwa wiki 4, wakizungumzia uwezo wa mtu kubadilika na mambo anayoyathamini, pasipo kumbandika yeyote jina la ugonjwa. Utafiti mkubwa zaidi, wa wanafunzi 413, uliochapishwa 2021, ulionyesha sonona na wasiwasi vikipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Kuna watakaosema hatua ndogo hazifungui mlango uliopigwa kufuli na mwenye nyumba. Ni kweli, na hakuna kikao kinachoiondolea serikali wajibu wake. Lakini aliyelemewa na sonona hana hata nguvu za kufuatilia basari ya mtoto au kupeleka malalamiko kwa chifu. Kumrudishia nguvu hizo si jambo dogo. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: anayepigwa hadi kukaribia kuuawa, au anayewaza kujiua, hawezi kungoja mabadiliko ya polepole. Huyo apelekwe kwenye usalama au hospitalini siku hiyo hiyo, na mbinu yenyewe inataka hivyo. Tangu Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, hofu moja ya kusema imepungua.

Wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 tayari wanaingia katika nyumba za mitaa hii. Ili watoe tiba ya namna hii, wanahitaji mafunzo, msimamizi wa kukutana naye kila wiki, na marupurupu yanayohesabu ile saa moja na nusu ya kumsikiliza mtu kuwa kazi.